Kuzitungia Sauti Zaburi za Ekegusii: Ushauri kwa Walimu wa Kwaya wa Kisii na Nyamira

Karatasi yenye zaburi mpya ikimfikia mwalimu wa kwaya mkono mmoja, mkono wa pili hukimbilia kinanda. Uzuie. Zaburi iliyotafsiriwa upya kwa Ekegusii imekuja na tuni yake tayari, nayo imo ndani ya maneno yenyewe. Anayeanza na kinanda huishia kuyalazimisha maneno yaifuate tuni aliyoizoea, na mara nyingi hiyo ni ya wimbo fulani wa Kiswahili ulioimbwa mpaka ukachakaa.

Ninawaandikia walimu wa kwaya, waimbaji wa zaburi na mapadre wa parokia, kuanzia Nyabururu, ambako wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni mwaka 1911, hadi Nyansiongo, Kebirigo, Ogembo na Tabaka. Jimbo la Kisii, lililoanzishwa mwaka 1960 likiwa na Maurice Otunga kama askofu wake wa kwanza, leo linahudumia kaunti hizi mbili, Kisii na Nyamira, ambazo katika sensa ya 2019 zilikuwa na watu wasiopungua milioni moja na laki nane. Wengi wao husema Ekegusii nyumbani kila siku. Wakifika kanisani huimba kwa Kiswahili, tena mara nyingi nyimbo nzuri sana kutoka Tanzania, na zaburi, ambayo ndiyo sehemu ya Misa iliyotungwa iimbwe tangu siku yake ya kwanza, husomwa harakaharaka kama tangazo la mchango.

Tuanze na sheria, maana wapo watakaokuuliza ruhusa umeipata wapi. Katiba ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inasema katika namba 119 kwamba watu wenye mapokeo yao ya muziki wapewe nafasi ya kuyatumia katika ibada, na wamisionari wafundishwe muziki huo. Ruhusa ya kutumia sauti za nyumbani, basi, ina zaidi ya miaka sitini. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kirumi, namba 57, nao hauruhusu masomo na zaburi vibadilishwe kwa maandishi yasiyo ya Biblia. Kwaya ikiimba "wimbo wa katikati" uliotungwa na mtu kutoka kichwani mwake, hata ukiwa mtamu namna gani, imeiondoa zaburi na kuweka kitu kingine mahali pake. Hili liko katika parokia nyingi kiasi kwamba ukilitaja utaonekana mkorofi. Litaje hivyo hivyo, ila kwa upole, na ukilitaja uwe na zaburi iliyo tayari ya kujaza pengo.

Sheria ya tatu ndiyo inayowabana watunzi zaidi: maneno si yako. Tafsiri ya kiliturujia hupitishwa na Baraza la Maaskofu na kuthibitishwa na Roma. Huwezi kuongeza "aleluya" mbili ili mizani itimie, wala kukata neno refu kwa sababu limekuzidi, wala kurudia nusu ya mstari mara nne kwa sababu besi wameipenda. Ukiona mstari hauimbiki kabisa, uandikie kamati ya tafsiri, ueleze ni silabi gani inayokwama na kwa nini. Watafsiri wenye busara hupenda barua za namna hiyo, kwa kuwa meza ya tafsiri huwa na wataalamu wengi zaidi wa Kiebrania kuliko watu waliowahi kuongoza Mkesha wa Pasaka.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya nota yoyote, zaburi isomwe kwa sauti. Asiisome mwanafunzi wa chuo aliyekulia mjini akichanganya lugha tatu. Mtafute mama mzee wa jumuiya anayesema Ekegusii bila kujikwaa, umpe heshima yake na muda wake, aisome mara ya kwanza peke yake, kisha aisome tena kana kwamba anamweleza mjukuu. Mrekodi kwa simu. Kama macho hayamsaidii, msomee mstari kwa mstari naye auseme kwa namna yake. Usomaji huu wa pili ndio wenye thamani, kwa sababu katika ule wa kwanza watu husoma kama katekista na sauti zao hunyooka.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Ekegusii ni lugha ya toni. Silabi huwa juu au chini, na neno likipanda pasipopaswa linageuka neno jingine, au kitenzi kinahama kutoka wakati mmoja kwenda mwingine. Maandishi yetu hayaonyeshi hilo. Isitoshe, lugha ina irabu saba ilhali tunaandika kwa herufi tano, kwa hiyo e mbili zinazofanana kwenye karatasi zinaweza kuwa sauti mbili tofauti mdomoni, na o vilevile. Karatasi, kwa kifupi, inakuficha nusu ya unachohitaji kama mtunzi, na hiyo nusu iko kwa yule mama.

Unaposikiliza rekodi, chukua penseli uchore juu ya kila mstari wa zaburi mstari mwingine unaopanda na kushuka kama sauti yake. Usitafute nota kamili. Unatafuta mwelekeo tu. Angalia mambo matatu. La kwanza ni silabi ndefu. Irabu iliyo mbele ya mb, nd, ng, nk, nt na wenzake huvutwa, na hapo ndipo nota ndefu inapokaa vizuri. Ukiweka nota fupi hapo na ndefu kwenye silabi fupi, mwimbaji atajikuta akitamka kama mgeni. La pili ni mahali ambapo irabu ya mwisho wa neno inamezwa na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata. Waandishi wa Ekegusii huweka kibainishi hapo, na pale kilipo kuna silabi moja ya kuimbwa, wala si mbili. La tatu ni mteremko: katika lugha nyingi za Kibantu, sentensi huanza juu na kushuka kidogokidogo hadi mwisho, hata silabi za juu za mwishoni zinakuwa chini ya zile za mwanzoni. Ndiyo maana nyimbo zetu za kale huanza juu na kutelemka. Ukitunga mstari unaoanza chini na kupanda hadi kilele mwishoni, kama nyimbo nyingi za Ulaya, utakuwa unapandisha mlima ambao lugha inaushuka.

Lahaja nazo zina neno la kusema. Rogoro na Maate hazitofautiani kiasi cha kutosikilizana, lakini hutofautiana kiasi cha kumfanya mwimbaji wa upande wa South Mugirango asitesite kwenye neno ambalo mwimbaji wa Nyamira analipita bila kufikiri. Kwa hiyo rekodi wasomaji wawili, mmoja wa kila upande. Rekodi zao zinapokubaliana, shikilia. Zinapotofautiana, acha tuni iwe tambarare mahali hapo, nota zinazorudiarudia, ili kila mmoja alitamke lake bila kugombana na sauti.

Je, tuni ifuate toni ya kila silabi? Hapana, na anayekuambia hivyo hajawahi kutunga. Nyimbo za kienyeji zenyewe hazifanyi hivyo. Kinachotakiwa ni tuni isipingane na neno pale linapobeba maana: jina la Mungu, kitenzi kikuu, neno la kukana. Neno likishuka, tuni ishuke au ibaki palepale, isipande. Likipanda, tuni ipande au ibaki. Katika maneno madogo ya kuunganisha unaweza kujipa uhuru. Baada ya kutunga, jipime hivi: imba mstari bila maneno, kwa "mm" tu, mbele ya mtu anayeijua zaburi, umuulize ni mstari upi. Akikaribia, uko kwenye njia sahihi.

Hapa inakuja habari ya sauti nne, na najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Tulifundishwa kwamba soprano ikipanda, besi ishuke. Kwamba sauti mbili zikienda pamoja kwa tano sambamba ni kosa. Kwamba uzuri wa harmonia umo katika kupishana. Ni kanuni nzuri kwa Kilatini na Kijerumani. Kwa Ekegusii, besi inayoshuka wakati soprano inapanda inaimba maneno yenye toni za kinyume, na wale wazee walioketi upande wa besi watasikia maneno yasiyo na maana kwa dakika tatu. Suluhisho liko katika mapokeo yetu wenyewe: sauti zitembee pamoja. Tatu sambamba, nne sambamba, hata tano sambamba, zote zikielekea upande mmoja na neno. Mwalimu wako wa nadharia akikunja uso, mwambie asikilize akina mama wakiimba njiani kutoka matangani, na aseme kama hiyo si harmonia. Kupishana kuache kwa mwisho wa kiitikizano, kwenye silabi ndefu ya mwisho ambapo neno limeshakwisha na hakuna maana ya kuharibu.

Kiitikizano ni mali ya waumini. Ukitunge kwanza na ukitunge kikiwa kifupi. Mtu aliyekaa kiti cha mwisho, asiye na karatasi, aliyechelewa kwa sababu ya mvua, anapaswa akishike baada ya kukisikia mara ya pili. Mpangilio wenyewe unampa nafasi hiyo: mwimbaji wa zaburi anakiimba peke yake, wote wanakirudia, kisha beti zinaanza. Masafa yake yasizidi sauti sita. Ukichukua do kuwa F au G, baki kati ya do na la, na ukihitaji kushuka, ishie so ya chini mara moja tu. Misa ya kwanza huku kwetu huanza kukiwa na baridi, na Nyansiongo asubuhi watu hawajaota jua. Usiwaombe waruke hadi mi ya juu kabla hawajamaliza kukohoa. Mimi hupendelea d r m s l bila fa na ti kwenye kiitikizano, kwa kuwa ule ukaribu wa mi na fa ndio unaopotea kwanza pale waumini mia nne wanapoimba bila kinanda. Beti, zinazoimbwa na mtu mmoja aliyefanya mazoezi, zinaweza kuwa na fa.

Mshairi wa zaburi alifikiri kwa mafungu mawili mawili: anasema jambo, kisha analirudia kwa sura nyingine, au analipinga, au analiongezea. Tafsiri mpya iliyofanywa vizuri huhifadhi mapigo hayo mawili, na tuni yako lazima iyaonyeshe. Njia rahisi ni kuwa na miisho miwili: fungu la kwanza lisimame kwenye re au so, mahali panapoacha sikio likingoja, na fungu la pili litue kwenye do. Ubeti wenye mafungu manne uwe na miisho minne, na wa tatu uwe wa juu kuliko yote, ili mtu asichoke. Nota ya mwisho ya ubeti iwe ileile ya mwanzo wa kiitikizano, au jirani yake. Jambo hili dogo linaokoa aibu nyingi: waumini hawaingii vibaya kwa ukaidi, wanaingia vibaya kwa sababu ubeti umewaacha hewani.

Kwa mwili wa ubeti zipo njia kadhaa. Padre Joseph Gelineau, Mjesuiti wa Ufaransa aliyezitungia sauti zaburi za Kifaransa miaka ya 1950, alihesabu mapigo badala ya silabi: kila mstari una idadi yake ya mapigo yasiyobadilika, na katikati ya pigo na pigo silabi zinaweza kuwa moja, mbili au tatu. Wazo la mapigo ni zuri na linatufaa, ila yeye alikuwa na lugha zinazosisitiza silabi, nasi tuna lugha ya urefu na toni. Chukua mapigo yake, uyaweke juu ya silabi ndefu. Njia ya pili ni ile ya watawa, sauti moja inayobebeshwa mstari mzima na kugeuka mwishoni tu. Kwa Ekegusii sauti moja inachosha haraka na inazifuta toni zote, lakini ukitumia mbili, ya juu na ya chini, so na mi kwa mfano, mwimbaji anaweza kuzihamahama kulingana na maneno, na kila ubeti ukawa wake bila kuandika nota mpya. Huu ndio ufundi ninaoupendekeza kwa parokia zisizo na mtunzi. Mwimbaji mmoja mwenye sikio zuri, sauti mbili, miisho minne. Kwa mazoezi ya jioni kadhaa ataimba zaburi ya Jumapili yoyote.

Njia ambayo siipendekezi ni ya ubeti wa kwanza kupewa tuni kamili ya kupendeza, kisha ubeti wa pili na wa tatu kushindiliwa ndani ya tuni ileile. Ubeti wa kwanza utapendeza. Wa pili utatamkwa kama Kigiriki.

Sasa tuingie kwenye hazina ya nyumbani, mahali penye utamu na pia penye miiba. Obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane ambacho sauti yake nzito husikika kifuani kabla ya kufika sikioni, kinafaa sana kuandamana na zaburi. Mfalme Daudi mwenyewe hakupiga kinanda cha umeme. Mpiga obokano mzuri huandamana na mwimbaji bila kumfunika, naye hujua kunyamaza. Ukimpata, mlete mazoezini mapema, msikubaliane siku yenyewe, na mtunge kwa sauti ambayo nyuzi zake zimekazwa tayari. Usimlazimishe akaze upya kwa ajili ya kinanda. Tena ni afadhali kinanda kipumzike siku hiyo. Wakati wa Kwaresima kumbuka kwamba vyombo vinaruhusiwa kushikilia uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Ngoma na kayamba zikae kimya, na hapo ndipo utajua kama tuni yako inasimama kwa miguu yake.

Kuhusu kuazima tuni za kale, uliza kwanza tuni hiyo inakumbusha nini. Esimbore ni wimbo wa jando; mwanamume yeyote wa Kigusii aliyeusikia akirudishwa nyumbani hawezi kuusikia tena kama sauti tupu, na maneno yake mengine hayatamkiki mbele ya wakwe. Ukiuleta kanisani chini ya maneno ya zaburi, wazee watainamisha vichwa, vijana watacheka, na hakuna atakayesali. Nyimbo za emeino, za furaha na sherehe, zina nafasi pana zaidi. Zile za ribina, ambazo akina mama waliimba wakiomba mvua, ni za kufikiriwa kwa makini: kwa upande mmoja ni sala tayari, kwa upande mwingine zipo familia zitakazouliza sala hiyo ilielekezwa kwa nani. Mimi ningeshauri uazime mwendo, mteremko na namna ya kupokezana, usiazime tuni nzima. Anayeyajua maneno ya zamani akisikia nota tatu za kwanza tu, maneno ya zamani ndiyo yatakayomjia.

Walioipita njia hii kabla yetu wapo. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliutunga muziki wake kutoka kwa nyimbo za Baganda, na oratorio yake kuhusu Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati Mtaguso ulipokuwa ukijadiliana, kwa hiyo hakungoja aambiwe. Luganda nayo ni lugha ya toni. Mtunzi wa Kisii anayesikiliza kazi za Kyagambiddwa atafaidika zaidi kuliko anayesikiliza kwaya nyingine ya mjini ikiimba kwa mdundo wa rumba.

Uanzie wapi katika zaburi mia moja na hamsini? Usianzie Zaburi ya kwanza. Usianzie pia zaburi ya Jumapili ijayo, maana mzunguko wa masomo ni wa miaka mitatu, A, B na C, na zaburi uliyoihangaikia itarudi baada ya miaka mitatu waumini wameisahau. Kitabu cha Masomo chenyewe kinakupa njia ya mkato: kina orodha ya zaburi za pamoja za kila kipindi, ambazo zinaweza kuimbwa badala ya zaburi ya siku. Majilio ni 25 na 85. Noeli ni 98, Tokeo la Bwana 72. Kwaresima ni 51, 91 na 130, Juma Kuu 22. Mkesha wa Pasaka ni 136, Pasaka 118 na 66, Kupaa Bwana 47, Pentekoste 104. Kipindi cha Kawaida kina 19, 27, 34, 63, 95, 100, 103 na 145, na majuma ya mwisho 122. Ni ishirini na kitu tu. Parokia yenye zaburi hizi kichwani imeshapata mwaka mzima, na waumini wake wataziimba mara nyingi kiasi cha kuzipenda. Mkesha wa Pasaka uuandalie peke yake, kwa kuwa usiku huo kila somo la Agano la Kale hufuatwa na zaburi yake au utenzi, na utenzi wa Musa baada ya somo la kuvuka bahari hauachwi kamwe.

Angalia namba lakini. Biblia zinazofuata Kiebrania na vitabu vya zamani vya Kilatini hutofautiana kwa moja katika sehemu kubwa ya zaburi: Zaburi ya mchungaji mwema ni 23 katika hesabu ya kwanza na 22 katika ya pili. Orodha niliyoitoa ni ya Kiebrania. Andika namba zote mbili juu ya karatasi yako, la sivyo siku moja kwaya itaimba juu ya mchungaji wakati padre anasubiri kilio cha Juma Kuu.

Mahali pa kuijaribu zaburi si kanisa kuu siku ya askofu. Ipeleke matangani. Nasema hivyo kwa dhati. Mazishi ya Kigusii hufanyika nyumbani, kwenye hewa wazi, bila kinanda au na kipaza sauti kinachokoroma, na wanaokuja ni wa madhehebu yote: Waadventista, Walutheri, Wapentekoste, na wasiokwenda popote. Hapo kiitikizano cha Zaburi 130 au 27 au 103 kwa Ekegusii hakina kwaya ya kukibeba. Mwimbaji anakiimba mara moja, anainua mkono, na dakika hiyohiyo unajua. Watu wakikiitikia wote, pamoja na yule mjomba Mwadventista aliyesimama chini ya mgomba, kazi yako imekamilika. Wakinyamaza, au wakiitikia kwa tuni nyingine waliyoirekebisha wenyewe, wasikilize vizuri: mara nyingi waliyoirekebisha ni bora kuliko uliyoiandika, na mwenye busara huenda nyumbani akabadilisha nota zake. Jaribio la pili ni watoto wa PMC, chama cha watoto cha parokia. Wakiimba kiitikizano wakati wa kucheza bila kuambiwa, kiache kilivyo.

Kazi ikishatulia, iandike kwa solfa, maana ndiyo inayosomwa na walimu wengi wa vigangoni, na ukiweza uandike pia kwa mistari mitano. Programu ya MuseScore ni ya bure na inatosha. Waliozoea Finale wajue kwamba watengenezaji wake walitangaza mwezi wa Agosti 2024 kwamba wameacha kuiendeleza, kwa hiyo wahamishe kazi zao mapema kabla kompyuta hazijabadilika. Silabi zitenganishwe chini ya nota jinsi zinavyotamkwa, mb na nd zikae na irabu inayofuata, na silabi inayovutwa iwekewe mstari wa kuonyesha imevutwa hadi wapi. Weka alama ndogo juu ya silabi za juu kwa ajili ya mwimbaji wa kesho ambaye hatamkuta yule mama.

Haki za maneno ni za wenye tafsiri, hata kama tuni ni yako. Kabla ya kutoa nakala nje ya parokia au kuiweka kwenye albamu, omba ruhusa kwa maandishi kwa mwenye tafsiri. Tuni yako nayo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na ulinzi huo unaendelea kwa miaka hamsini baada ya kufa kwako, ila ni vizuri kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki kwa sababu ugomvi wa tuni za kanisa ni mchungu kuliko ugomvi wa shamba. Juu ya ukurasa andika namba ya zaburi, kipindi, jina la tafsiri, jina la mtunzi, na sauti ya do. Kisha uipeleke kwa tume ya liturujia ya jimbo ikiwa imeambatana na rekodi ya watu wakiiimba, na usipeleke karatasi peke yake, maana wakaguzi ni watu wenye shughuli na tuni iliyo mdomoni mwa watu inajibu maswali mengi. Ukitaka zaburi 25 na 85 ziwe tayari Jumapili ya kwanza ya Majilio, mama asome mwezi wa Juni, ujaribu matangani Agosti, na Septemba karatasi iwe mezani kwa tume.